Nusu Senti Uliyoimeza

Mumbua, mwiitu wakwa, binti yangu,

Nimekaa hapa kwenye kibanda changu cha skrepu, nyuma ya mizani, nimegeuza katoni ya sabuni ikawa meza. Wewe umeenda Mua kumuaga susu yako, na nikimjua mama yangu, hatakuachilia kabla hujala, ukala tena, ukafungiwa na ndizi za njiani. Kwa hivyo niko na nafasi mpaka jua lishuke. Kesho alfajiri unaondoka kwenda kazini Lodwar, na mimi mbele ya watu huwa siongei vizuri. Nitaanza kukohoa, nitasema "haya basi," nitaangalia matairi ya gari, na kuagana kwetu kutakuwa kumeishia hapo.

Mambo ya kuchemsha maji, kufunga mlango na kutomkopesha kila mwenye shida, mama yako ameyasema wiki nzima na bado hajamaliza. Hayo siyagusi. Mimi nataka kujibu lile swali lako la jana.

Ulikuwa unakunja nguo. Ukaniuliza, "Baba, si naweza kwenda na ile nusu senti?" Mimi nikajifanya natafuta kiatu. Mama yako akaniangalia mimi, mimi nikamwangalia paka. Hukuuliza tena, lakini niliona uso wako, na najua unaitaka kweli. Sikukunyamazia kwa ubaya. Jibu lenyewe ni refu, na wewe hadithi ya hiyo pesa umeisikia kwa shangazi zako, ambao kazi yao ni kunicheka. Wanachosema ni kweli, sikatai. Lakini wao hawakuwa pale mwisho wake.

Acha nianzie mbali kidogo, kabla hujazaliwa.

Unajua kazi yangu. Mtu akileta bomba la shaba au sufuria iliyotoboka, naweka kwenye mizani, nalipa, natupa kwenye gunia lake. Siku moja mzee mmoja alileta gunia la mabomba, na chini kabisa mlikuwa na shilingi ya zamani, ile ya simba amesimama na milima nyuma yake. Nilikuwa nimesikia watu wakisema shilingi hizo zina fedha ndani. Sasa niambie, mtu wa skrepu akitaka kujua chuma ni cha aina gani, anafanya nini? Anachukua tupa! Nilimkwaruza yule simba kuanzia mkia mpaka shingo. Nikaona weupe, nikapiga kelele ya furaha, nikafunga kibanda mchana kweupe nikaenda kumtafuta Farah.

Farah wewe unamjua kama mzee wa mbuzi wa kule nyuma ya msikiti, yule aliyekuwa akikujazia mikono tende kila Idi. Wakati huo mimi nilimjua kwa kusikia tu, kwamba mbali na mbuzi hununua pesa za zamani na kuzipeleka kwa wakusanyaji wa Nairobi. Aliishika ile shilingi kwa ukingo, akaigeuza, akaigeuza tena, akaiweka mezani polepole kama mtu aliyeletewa habari za msiba.

"Wallahi," akasema, "huyu simba ulimkuta mzima, ukamchinja mwenyewe."

Nikamwambia nilitaka tu kujua kama ni fedha.

"Mwaka si umeandikwa hapa? Zile za kabla ya vita vya pili kuisha zina fedha kidogo. Za baadaye zinafanana nazo sana, lakini hazina. Mwaka unakuambia bure, na wewe unatafuta tupa!"

Nilirudi hapa nimeinamisha kichwa. Lakini mtu mkaidi ni mtu mkaidi. Ungedhani nimejifunza, kumbe nimejifunza neno moja tu, nisitumie tupa. Mwezi uliofuata nikapata mkebe mzima wa senti zenye tundu, nyeusi ti. Nikakaa nyumbani Jumapili yote na jivu na ndimu, nasugua moja baada ya nyingine, mama yako akiniambia twende kanisani, namwambia Mungu ataelewa. Zilipomaliza kuoshwa ziling'aa kama sufuria za harusi. Niliona fahari, Mumbua! Nikazipanga kwenye kitambaa cheupe nikampelekea Farah.

Farah alifunika macho kwa viganja.

"Mutuku, ule weusi ndio ngozi yake. Wewe umeniletea mbuzi amechunwa, halafu unataka bei ya mbuzi aliye hai."

Hapo nikataka kuacha kabisa. Ni yeye aliyenizuia. Alinivutia kiti, akaagiza chai ya maziwa yenye tangawizi ya kuchoma koo, akanionyesha zake. Ndiyo siku niliyoona senti kumi mbili za mwaka mmoja, zimefanana mpaka unaweza kuapa, isipokuwa moja ina herufi ndogo chini, ndogo kama chawa, na nyingine haina. Hiyo herufi ni alama ya kiwanda kilichoigonga. Moja iko kila mahali, nyingine unaweza kuitafuta mpaka unyweshe punda wako Mombasa. Mimi nilikuwa nimesugua mkebe mzima bila kuangalia herufi hata moja.

Kosa la tatu nitalisema haraka kwa sababu bado linaniuma mfukoni. Nilisikia kulikuwa na mfalme wa Uingereza aliyekaa kwenye kiti muda usiotimia mwaka, na jina lake likaandikwa kwenye senti zetu. Nikasema aha, mfalme wa muda mfupi, pesa chache. Nikazunguka Tala, Kangundo, Kathiani, nikinunua kila senti yenye jina lake kutoka kwa akina mama sokoni, nikichekea ndani kwa ndani. Farah alipoziona alicheka mpaka kofia ikaanguka. Kumbe yule mfalme alikaa kidogo, lakini pesa zake ziligongwa kwa magunia. Zimejaa kila kabati. Nazo ninazo mpaka leo, ndizo mama yako anatumia kuzuia mlango wa kuku usipigwe na upepo.

"Usihesabu siku za mfalme," Farah akaniambia akifuta machozi. "Uliza zimebaki ngapi, na zimebaki vipi."

Akanipa lenzi yake ya mkono, ile yenye mpini wa mfupa. Alisema ananihurumia.

Ngoja kidogo, kuna mtu.

Nimerudi. Ni mama mmoja wa Kinanie, ameleta birika lililotoboka, na amekunja kwenye leso sarafu ya shilingi arobaini, ile iliyotoka wakati nchi inasherehekea miaka arobaini ya uhuru. Ati ameona kwenye simu kwamba inauzwa mamilioni. Nikamwambia, mama, hii ni ukumbusho mzuri, iweke, lakini watu wengi waliiweka kama wewe, kwa hivyo usinunue shamba bado. Aliniangalia vibaya, akadhani nataka kumwibia. Birika ameuza, shilingi arobaini amerudi nayo. Nimempenda, kusema ukweli. Mimi mwenyewe kwa Farah nilikuwa hivyo hivyo.

Sasa tufike kwa nusu senti yako.

Ulikuwa unatembea vizuri na kusema maneno machache, mengi yao "hapana." Hapa kibandani akaja susu mmoja na gunia la sufuria mbovu, zimekandamizwa. Nilikuwa nazitenganisha na vifuniko nikaona kiduara chepesi kimebanwa kwenye mkunjo wa sufuria, ukubwa wa kifungo cha koti, kina tundu katikati. Chuma chenyewe kilikuwa kile kile cha sufuria. Mkono wangu ulikuwa tayari umekitupa kwenye gunia, nakuambia ukweli, ulikuwa umekitupa! Kisha nikakumbuka tupa, nikakumbuka jivu, nikaingia kwenye gunia mpaka mabega nikakitoa. Nikakishika kwa ukingo. Nikachukua lenzi. Pembe za ndovu zimezunguka tundu, na maandishi yakasema nusu senti.

Nusu senti! Hata baba yangu hakuwahi kuiona. Ni ya kabla yake. Nilimlipa yule susu sufuria zake, nikamwambia pia kuna pesa ya zamani ndani na huenda ina bei. Akaniambia, "Nusu senti itaninunulia nini, mwanangu? Ikikupa kitu, niletee sukari." Farah alipoiona hakucheka. Aliniambia kwamba zile nyeupe nyepesi ziliharibika upesi, watu hawakuzipenda, hakuna aliyejali kuweka kitu kinachoitwa nusu ya senti. Ndiyo maana zimebaki chache, na iliyobaki safi hivyo ni chache zaidi. Akasema kuna mtu wake Nairobi, watakuja wote Jumamosi, na akataja bei.

Mumbua, bei hiyo ilikuwa tangi la maji. Tangi zima, na mabati ya kulielekezea mvua. Mama yako wakati huo alikuwa anateka maji kule bondeni na punda wa kuazima, wewe mgongoni. Nilipomwambia aliketi chini kwenye majani ya mahindi akacheka peke yake. Jioni hiyo alinipeleka nyuma ya nyumba akanionyesha mahali tangi litakapokaa, akapiga mstari kwa kidole cha mguu.

Na mimi, mtaalamu, niliyejifunza yote, niliiweka wapi? Kwenye kisahani cha chai, juu ya meza, ili nimwonyeshe kila anayeingia.

Uliichukua Ijumaa asubuhi. Nilikuona ukiiweka mdomoni na nikasema "Mumbua!" kwa sauti iliyokutisha, na ukaimeza. Ukakohoa, ukawa mwekundu, ukapaliwa. Mama yako alikuinamisha akakupiga mgongo mpaka ukalia, na ulipolia tukapumua. Kisha tukakimbia na boda mpaka hospitalini mjini, sisi watatu na dereva, na kiatu changu kimoja kikabaki njiani.

Hapa ndipo shangazi zako hupaza sauti. Muuguzi aliuliza, "Mtoto amemeza nini?" Na mimi baba yako nikasema, "Ni nusu senti, ya kabla ya vita vya kwanza, iko katika hali nzuri sana, ina pembe za ndovu. Tafadhali, mkiitoa, msiikwaruze."

Mama yako alinigeukia. Nimeoa mwanamke mpole, na sijawahi kuogopa kitu kama nilivyoogopa macho yale.

Walikupeleka eksirei. Mpiga picha alikuwa msichana mdogo, mcheshi, alikuchezea na mpira wa glavu ili utulie. Alisema chuma chepesi hivyo hakionekani vizuri kwenye picha, tuangalie kwa makini. Akaiweka picha kwenye taa. Nikatoa lenzi yangu mfukoni, Mungu anisamehe, nikasogea kutafuta pesa yangu.

Lakini nilichoona kwanza ni mbavu zako. Zilikuwa nyembamba kama njiti za kiberiti, zimepangwa pande zote mbili, na chini yake ndiyo kivuli kidogo cha duara, hafifu, na tundu katikati. Nilisimama pale na lenzi jichoni na siwezi kukuambia ni nini kilinipata. Nililia, Mumbua. Nililia mbele ya yule msichana mpaka akaniletea kiti. Nilikuwa nimeangalia vitu vidogo kwa miaka na sikuwa nimekuangalia wewe hivyo hata siku moja. Yule msichana akasema, "Mzee, usijali, imeshapita koo, itatoka yenyewe. Huyu ana pesa kushinda sisi wote." Mama yako akacheka, hapo tu ndipo akacheka, na akaniwekea mkono mgongoni.

Picha tulipewa. Ndiyo ile uliyokuwa unaibandika dirishani ukiwa mdogo, ukiwaambia wenzako "huyu ni mimi ndani." Nilifikiri ni mchezo wa mtoto. Kumbe ulikuwa unachagua kazi. Kesho unaenda kuwapigia watoto wa wengine picha, na mimi kila nikikumbuka hilo nataka kumpigia simu mtu, yeyote tu, nimwambie.

Baada ya hapo ikawa ni kungoja. Kijiji kizima kiliuliza, "Imefika?" kama mzigo uliotumwa kutoka Nairobi. Ulilishwa ndizi na viazi mpaka ukazikataa. Kazi ya kuchambua choo chako ilikuwa yangu, maana mama yako aliniambia, "Wewe ndiwe mtu wa skrepu, chambua." Nilichambua. Farah na mtu wake walikuja Jumamosi wakakuta bado, wakanywa chai, wakakuangalia unavyocheza, wakaenda. Mtu wa Nairobi alisema katika kazi yake hajawahi kuona mahali salama hivyo pa kuweka pesa.

Ilipotoka nilipiga ukelele uliowatoa majirani nje. Nikaiosha kwa maji tu, bila jivu, bila ndimu! Lakini asidi ya tumbo lako ilikuwa imeilamba. Uso wake ulikuwa na vishimo vishimo, na pembe moja ya ndovu ilikuwa imefifia.

Farah akarudi. Akaangalia kwa muda mrefu. "Imeumia," akasema. "Si bei ile. Lakini ni nusu senti bado, na zimebaki chache." Akataja bei nyingine. Na sasa hiki ndicho shangazi zako hawakijui, Mumbua, kwa sababu hawakuwepo na mama yako si mtu wa kujitangaza. Bei ile ya pili bado ilikuwa inatosha tangi. Mabati tungetafuta wenyewe, lakini tangi lilitosha. Mimi nilinyoosha mkono tupeane. Mama yako akaweka sinia ya chai chini, akaichukua nusu senti mezani, akaifuta kwa upindo wa leso, akaifunga fundo kwenye pembe ya ile leso.

"Hii haiuzwi," akasema. "Imetoka ndani ya mtoto wangu."

Nikamwambia, "Na tangi?"

"Punda yupo."

Farah alisimama, akaweka mkono kifuani, akamwinamia kichwa. Alimwambia, "Mama, mimi ni mtu wa biashara, lakini leo ningeinunua ningekuwa mjinga." Akaondoka bila kumaliza chai, yeye ambaye hamalizi mazungumzo kabla ya birika kuisha. Na mama yako aliendelea kuteka maji bondeni mpaka ulipoingia darasa la kwanza, ndipo likaja lile tangi la kijani. Sukari ya yule susu nilimpelekea mimi, kutoka mfukoni mwangu. Hajawahi hata siku moja kunitajia maji, mama yako. Ya muuguzi amenitajia kila Krismasi.

Kwa hivyo unaona kwa nini jana niliangalia paka. Uliniomba kitu ambacho si changu.

Leo asubuhi ulipoondoka nilienda jikoni nikamuuliza mama yako. Alikuwa anachambua maharagwe ya kukufungia. Akaingia chumbani akarudi na ile leso, imechakaa sasa, rangi imeisha, akafungua fundo tukaiangalia wote wawili hapo mlangoni penye mwanga. Nilimpa lenzi. Akaangalia, akarudisha, akasema haoni kitu kwa sababu ya moshi. Hakukuwa na moshi, moto ulikuwa haujawashwa. Nami nilikuwa na moshi huo huo machoni. Tulicheka, Mumbua, tulicheka kama watu wasio na akili, watu wazima na leso ya zamani mlangoni.

Lenzi nimekuwekea kwenye mkoba wako, chini ya koti jeupe, imefungwa kwenye soksi. Macho yangu hayaitendei haki siku hizi. Ukiweka picha kwenye taa kule Lodwar na baba fulani amesimama nyuma yako anauliza maswali ya kijinga, mvumilie, mvutie kiti.

Nusu senti haiendi. Nilijaribu kukuombea, nakuapia, nilijaribu mpaka akanipa ungo nikachambue maharagwe. Haya ndiyo maneno yake, nayaandika kama alivyoyasema:

"Mwambie inabaki hapa. Akiitaka, aje nyumbani aione. Na safari hii asiimeze."

Baba yako,
Mutuku